Kuku watano sita hapa Kisauni, Mombasa, nianze?

MamaZai: Jamani nna kiuwanja nyuma ya nyumba, nataka kuku wa kienyeji wa mayai ya watoto, lakini tumebanana na majirani na joto ndo hili, mwanishaurije?

BiLikoni: Anza mwanangu, ila jogoo usichukue, mayai wataga bila yeye na jirani atalala. Banda liezeke makuti, bati litawachoma, na maji badilisha mchana, ukiwaona wamepanua midomo na mbawa wameziachia ujue joto limewazidi.

Fundi_Mtwapa: Na kunguru je? Vifaranga hubebwa mchana kweupe, nunua mitetea wa miezi mitano hivi waliokaribia kutaga. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku waitao Newcastle, usikose kabisa, kikiingia chafagia banda zima.

MamaZai: Shukran sana, ntaongea na jirani kwanza.