Naandika maisha yangu: tarehe zote zibaki ao nizipunguze?

Kimya_wa_Himbi (Goma)

Habari zenu bandugu na badada. Niko mtu wa Goma, miaka thelathini na kitu, otisti (mwenye usonji), karatasi ya daktari niliipata nimeshakuwa mtu mzima na haikuwa hapa. Sasa niko naandika maisha yangu. Si ya kuuza, ni juu ya watoto wa dada yangu wajue tulipita wapi, maana wao walizaliwa kisha volkano na wanazani Goma ilikuwaka hivi hivi tu.

Shida ni tarehe. Kwangu kila jambo liko na tarehe na siku yake, siwezi kuandika "siku moja tulienda shamba" juu hakuna siku inaitwaka siku moja, ile ilikuwa Jumanne fulani ya mwaka fulani na mimi naijua. Nikisikia tarehe, siku inakuja kabla mtu hajamaliza kutaja mwaka, tangu niko mtoto ni vile. Kwenye matanga na kwenye dote ma-onkle walikuwa wananiita, "kuya hapa, mimi nilizaliwa tarehe hii, ilikuwa siku gani?", najibu, wanacheka, wananipa Fanta. Nilipoanza kukataa wakasema niko na kiburi.

Basi nilimpa rafiki moja mwalimu wa Kifaransa kurasa za kwanza asome. Alizirudisha na biki nyekundu kila mahali, akasema hii si kitabu, ni rejista ya komine, toa tarehe, acha hadithi. Juu ya ile tena, yaya wangu, ndugu yangu mkubwa mwenye tulikimbia naye, alisoma ukurasa wa volkano akakasirika kabisa. Mimi niliandika Alhamisi tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Yeye anasema ilikuwa yenga (Jumapili), hawezi kusahau, alikuwa amevaa nguo zake za kanisa, shati nyeupe na suruali ya bulu. Nikamuonyesha kalenda kwenye telefoni, Alhamisi. Akasema telefoni haikuwa pale siku ile. Sasa hatuongeleshane vizuri.

Nawauliza: tarehe nizitoe ao zibaki? Na nyinyi wengine, siku inawajia yenyewe ao munafanya kalkili, hesabu ya kichwa?

dada_wa_Kadutu (Bukavu)

Kaka, mwalimu wako ana haki nusu. Tarehe si mbaya, ni ile tarehe yenye haifanye kazi yoyote ndani ya hadithi njo inachokesha msomaji. Kwetu hapa ukiandika 3/2/2008 na ukasema ilikuwa yenga, umesema kitu kikubwa, maana tetemeko ilitukuta karibu saa tatu na nusu za asubuhi, watu wako kanisani ao wako njiani, na ng'ambo kule Rusizi kuko wenye walikufa ndani ya kanisa. Ukitoa yenga hapo msomaji hataelewa kwa nini watu wengi vile walikuwa chini ya paa moja. Lakini "Jumanne 14 mwezi wa kumi 2008 nilinunua viatu", ile Jumanne inafanya nini? Kama soko ya viatu ilikuwa Jumanne tu, sema. Kama hapana, iache kwenye kaye yako, daftari la nyumbani.

Juu ya yaya yako, usimpige na kalenda. Kalenda inajua siku, haijue mtoto alikuwa amevaa nini. Wewe muulize nani alimvalisha. Kwetu siku za kukimbia mama alikuwa anatuvalisha nguo nzuri kabisa, mbili tatu moja juu ya ingine, kwa sababu nguo yenye iko mwilini haiombe mkono wa kuibeba na hakuna mtu ataisahau nyumbani. Mtoto akijikuta na nguo za kanisa asubuhi, atajua namna gani kama si yenga? Inawezekana nyote wawili munasema kweli.

wa_Katuba (Lubumbashi)

Mi ni wa L'shi. Kwangu siku haikuyaka yenyewe, nafanyaka kalkili, lakini nimefanya mingi paka sasa siisikie tena ikipita. Njia ni ya John Conway, profesa wa hesabu wa Uingereza, alikufa 2020 juu ya Covid, ule mzee alikuwa ameweka ordinateri yake imuulize tarehe za ovyo ovyo kila akitaka kuingia, halafu anashindana na saa. Namna yake ni hii: kila mwaka iko na siku yake moja, na kuko tarehe zenye zinaanguka paka siku ile. 4/4, 6/6, 8/8, 10/10, 12/12. Halafu 9/5 na 5/9, 11/7 na 7/11. Na siku ya mwisho ya mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza unashika tarehe 3, ao 4 kama ni mwaka wa siku 366. Mwaka 2026 siku yake ni Jumamosi, angalia ile kalenda ya paruasi yenye iko ku ukuta kwenu utaona. Kila mwaka siku inasogea moja, mwaka wa siku 366 inasogea mbili.

Sasa ya kwako. Mwaka 2002 siku yake Alhamisi, basi tarehe 3 mwezi wa kwanza Alhamisi, ongeza 14, tarehe 17 Alhamisi. Kwisha. Uhuru wetu 30/6/1960: mwaka ule ni Jumatatu, 6/6 Jumatatu, 27 Jumatatu, 30 Alhamisi. Lumumba, banamuua huku kwetu 17/1/1961, ile ni Jumanne. Mzee Kabila 16/1/2001, Jumanne nayo. Mi napendaka ile mambo mubaya sana, wenzangu beko bar mi niko na miaka ya 1700. Unajua miaka 400 iko na siku 146,097, ukigawa kwa 7 unapata juma 20,871 bila kubaki kitu? Njo maana kalenda inarudia yote kisha miaka 400, hakuna hata siku moja inapotea. Lakini ukirudi nyuma ya 1582 chunga, mwaka ule Papa Gregori alikata siku, Alhamisi ilikuwa tarehe 4 mwezi wa kumi, kesho yake Ijumaa ikawa tarehe 15.

Bon, nimetoka ku njia. Yenye nilitaka kukuambia ni hii. Mi nikiandika "Jumanne" siwezi kuapa kama naikumbuka ao niliifanya na kichwa pale pale. Wewe unasema inakuya yenyewe, sawa, lakini ikikuyia hata ku tarehe ya onkle yenye haukuwa umezaliwa, basi haiko kumbukumbu, ni kalkili yenye haujione ukiifanya. Kwa hiyo Alhamisi yako ni kweli na haishuhudie kitu. Yaya wako yeye shati aliiona na macho. Ndani ya kaye yangu siku yenye nakumbuka naandika na biki, siku yenye nimefanya kalkili naandika na penseli. Uone vile penseli iko mingi!

sauti_ya_Ndosho (Goma)

Mimi otisti na tarehe sina hata moja, bibi yangu njo ananikumbushaka siku watoto walizaliwa. Tafazali Kimya andika mahali fulani kwamba hii ya tarehe ni yako, si ya sisi wote. Watu waliangalia ile filme Rain Man ya 1988, basi ukisema "niko otisti" wanakuuliza siku waliyozaliwa, ukishindwa wanasema daktari alikudanganya. Na Kim Peek, yule Mmarekani mwenye ilichochea filme, kisha ilionekana hakuwa hata otisti, alikuwa na hali ingine ya kuzaliwa nayo.

Mimi kumbukumbu iko kwenye sauti. Ile siku ya 2002 sijui ni Alhamisi ao ni nini, najua tu vile mabati yalikuwa yanalia wakati moto unayakaribia, yanajikunja na yanapiga kelele kabla ya kushika. Nikiandika nitaanza na mabati.

msomaji_Nyawera (Bukavu)

Nimesoma vitabu vya namna hii vingi, ni kitu yangu, nasomaka kitu moja paka iishe. Daniel Tammet, Mwingereza, kichwa cha kitabu chake kwa Kifaransa ni "Je suis né un jour bleu", na bulu yenyewe ni Jumatano, alizaliwa tarehe 31 mwezi wa kwanza 1979 na yeye anaona Jumatano zote ni bulu. Pale tarehe imebeba kitabu kizima, mwalimu wa biki nyekundu asingeigusa. Ni yeye mwenye alitaja tarakimu 22,514 za pai kwa kichwa kule Oxford tarehe 14 mwezi wa tatu 2004, ilimchukua muda wa masaa tano na dakika kidogo. Temple Grandin wa Marekani aliandika cha kwanza 1986, yeye anafikiri kwa picha, ngombe na mageti, tarehe hazimuhangaishe. Josef Schovanec wa Ufaransa, 2012, ni wa kuchekesha, yeye ni luga na kusafiri. Watu watatu na hakuna mwenye amefanana na mwenzake, basi Ndosho tulia, mabati yako iko na nafasi.

Na wa_Katuba, juu ya kalkili yenye mtu hajione: daktari Oliver Sacks alichapisha mwaka 1985 habari za mapacha wa Marekani wenye walikuwa wanakupa siku ya tarehe yoyote kwa miaka elfu 40 mbele ao nyuma, na kujumlisha namba ndogo ndogo kulikuwa kunawashinda. Kwa hiyo kama Kimya anasema hafanyi kitu, mimi namuamini, hata kama kuko kitu kinafanyika.

Lakini kuko jambo hakuna mtu amegusa na kwetu huku njo la kwanza. Kimya, unaandika juu ya Goma. Ukiweka tarehe kamili, na saa, na kartie, na "jirani wa nyumba ya pili", ule jirani amejulikana hata kama haukutaja jina. Mambo ya volkano, sawa. Lakini miaka ya vita, nani alificha nani, nani aliuza bati za nani, nani alionyesha mlango? Mtu wa Ulaya akisoma ni tarehe tu. Mtu wa kartie akisoma anahesabu, anasema kumbe ni usiku ule, na anajua nani alikuwa pale. Wewe unaona tarehe ni kitu safi. Ziko zenye zinaweza kumfikisha mtu pabaya, hata wewe mwenyewe.

Kimya_wa_Himbi (Goma)

Asanteni sana. Naanza na yaya. Nilienda kwake jana, sikuchukua telefoni, nikamuuliza tu nani alimvalisha. Akanyamaza, kisha akasema ni mama, alitutoa nguo za kulala akatuvalisha zote zenye zilikuwa kwenye valizi ya juu, ya kanisa ikawa juu ya ingine, na yeye alikasirika juu vifungo vya shati vilikuwa haviendi, shati ya ndani ilikuwa inasukuma. Dada wa Kadutu uliona kweli.

Na mimi kuko kitu nilikuwa nimeandika zamani bila kujua inatoka wapi: lebo ya kola ilinikwaruza shingo njia yote paka Gisenyi, na nilikuwa nasikia joto kupita watu wengine. Nilizani ni juu ya lava. Kumbe nilikuwa na nguo mbili! Kisha yaya akanionyesha hata shati, ile yangu ya ndani ilikuwa ya manjano, mimi rangi sikukumbuka kabisa. Alhamisi inabaki, shati nyeupe inaingia, na yeye anakubali "Alhamisi, lakini tulivaa yenga", njo ataandika yeye mwenyewe hapo chini ya ukurasa, nimemwachia mistari.

Wa_Katuba, nilijaribu ya biki na penseli kwenye kurasa za mwanzo. Sikufurahi. Mingi ni penseli. Viatu vimetoka, shamba imetoka. Yenye imebaki kwa biki ni zile zenye siku ilifanya kitu, kama 22/5/2021, Jumamosi jioni, volkano ya pili yangu, watu wengi walikuwa nyumbani ao kwenye sherehe na wengine hawakuamini kwa sababu walikuwa wamekunywa, na Alhamisi yenye ilifuata, tarehe 27, asubuhi tuliambiwa sehemu ya muji ihame, njia ya Sake ikajaa. Zile sitoi hata mwalimu alie.

Msomaji, ile yako ilinitoa usingizi. Kuko chapta nzima yenye sasa naiona vingine. Kwa mimi kuandika "mwaka ule" bila siku ni sawa na kusema uongo, mwili unakataa, lakini nimefikiri yule mama mwenye alituficha angali pale pale, mlango ule ule. Nitaacha mwaka tu na nitabadilisha nyumba. Tarehe ya kweli itabaki kwenye kaye, na kaye itabaki kwa dada yangu.

wa_Katuba (Lubumbashi)

Ukibadilisha tarehe, usiweke ya uongo yenye haiwezekani. Mi nasomaka kitabu na kalenda kando, nikikuta "yenga tarehe 12" na mwaka ule 12 ni Jumatano, nakifunga sikirudie tena. Toa kabisa kuliko kuweka mubaya.

dada_wa_Kadutu (Bukavu)

Ni wewe peke yako unasomaka vile, Katuba.

Kimya, na majina je? Kama nyumba inabadilika, majina ya watoto wa yule mama inabaki? Fungua swali ingine juu ya ile, niko na ya kusema mingi na hapa tumeshajaza.