Fremu ya titani kuwa baiskeli ya umeme: mota ya kati au ya habu?

Njia_Panda29
Wakuu, nina fremu ya titani, magurudumu inchi 29, breki za diski. Bomba la kranki (linalobeba ekseli ya pedali) ni la thredi, upana mm 73. Nataka volti 48. Nifunge mota ya habu (iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu) nyuma, au ya kati (inayokaa kwenye kranki) kama Bafang BBS02? Na naweza kutoboa bomba la chini (linaloteremka kutoka usukani hadi kranki) niongeze skrubu ya tatu ya betri?

Waya_Moto
Usitoboe kabisa. Ukuta wa bomba hilo ni mwembamba, mara nyingi haufiki hata mm 1, na ufa huanzia kwenye tundu. Kuliziba si kazi ya mchomeleaji wa mageti: titani inalehemiwa kwa gesi ya agoni nje na ndani ya bomba. Mshono ukitoka wa kijivu chenye unga mweupe, hewa imeingia na utavunjika. Betri ya seli 52 za 18650 (13 mfululizo, 4 sambamba) ina kilo 3 na ushee. Inabebwa na skrubu mbili za M5 zilizopo, ukiongeza mikanda miwili yenye mpira ndani.

Habu mimi siishauri. Mota ya Nm 40 (nguvu ya kuzungusha) inasukuma masikio ya fremu, yaani nafasi zinazoshika ekseli ya gurudumu, kupitia ekseli iliyochongwa bapa pande mbili, unene mm 10 tu. Kwenye kona za bapa hizo msukumo ni zaidi ya kilo 300. Ekseli ikizunguka inapanua masikio na kukata waya. Ukiing'ang'ania, weka mikono ya chuma ya kuzuia ekseli pande zote mbili.

Spana_Kumi
Naunga mkono ya kati, ila pima kwanza bomba la kranki kwa vernia (kipimo cha milimita). Mwili wa BBS02 unahitaji tundu la mm 33.5 moja kwa moja hadi upande wa pili. Matone ya kulehemu yakibaki ndani, mota inakwama. Usiigonge kwa nyundo. Angalia pia bomba la nyuma upande wa mnyororo, maana boksi la gia za mota limetokeza na fremu nyingi za inchi 29 zina bomba nene hapo.

Ng'oa kiongozi cha waya wa gia kilicho chini ya kranki, mota inakaa hapohapo. Mwili wa mota ni alumini: ikikutana na titani na maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Paka grisi ya kuzuia kunata ndani ya bomba na kwenye bolti zote.

Njia_Panda29
Nimeelewa. Mota ikigusa bomba la chini je?

Spana_Kumi
Lazima itasogea huko, kwa sababu ikivuta mnyororo yenyewe inajizungusha kwenda juu. Weka kipande cha mpira mgumu katikati, kisha kaza bamba la meno linaloshika mota upande wa kushoto, pamoja na bolti zake mbili za M8 na nati kubwa. Kagua nati hiyo baada ya safari ya kwanza. Ikilegea kidogo tu, meno ya bamba yanaanza kukwaruza uso wa bomba la kranki, na hapo hata ukikaza haishiki vizuri tena.