Naomba ushauri: kubomoa nyumba ya mzee shambani, Urambo

Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Marehemu baba alituachia shamba la ekari 12 huku Urambo, lenye nyumba ya tofali za kuchoma na bani la tumbaku (banda la kukaushia) lililokwisha kulala upande. Ndugu tumekubaliana vibomolewe kabla ya mvua za Novemba. Fundi anataka kuleta kijiko (lile tingatinga la kuchimbia) amalize siku moja, ila milango na fremu zote ni mninga mtupu (siku hizi utaupata wapi?), roho inaniuma. Tukibomoa kwa mikono kuanzia kwenye bati, vibarua mnawalipa kwa siku au kwa kazi nzima? Halafu kuna shimo la choo la zamani, sijui nilifukie kwa kifusi hichohicho? Kisima kiko jirani. Umeme nimeshaomba ukatwe.