Chanjo kabla ya kuvuka mpaka: wana Mwanza tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu amepata chuo Kampala, atatoka hapa kupitia Bukoba na Mutukula. Uganda wanadai kadi ya homa ya manjano kwa kila mgeni aliyefikisha mwaka mmoja. Nyumbani tunabishana achome lini. Mimi nasema sasa hivi, kabla hata ya kukata tiketi, maana kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Wenye uzoefu njooni, nataka asome mwenyewe.

Mfanyabiashara, Kirumba: Mkuu uko sahihi kabisa. Nafuata mzigo Kampala. Kuna safari abiria mwenzetu alikuwa kachoma sindano juzi yake tu. Ofisa wa afya akaangalia tarehe, akamweka pembeni, basi likaondoka. Na mwambie asidanganyike na wanaouza kadi bila sindano! Muhuri utaupata, kinga huna. Homa hii haina dawa ya kuua kirusi chake, hospitali wanatuliza dalili tu, na ikishika ini inaua. Mbu wake anauma mchana, chandarua cha usiku hakikusaidii. Naumia kuona vijana wetu wananunua kadi hizo.

Mama wa Nyegezi: Aseme ukweli wote kwa nesi. Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Mimi niliulizwa kama nina mimba, kama nanyonyesha, kama nina mzio wa mayai, kama natumia dawa za kushusha kinga. Mwanangu alikuwa hajafika miezi 9, nikashauriwa nisubiri. Harusi ya Masaka ikanipita, mawifi wakanuna, sijutii hata kidogo. Nilipochoma baadaye mkono uliuma, nikapata homa kidogo, ikaisha yenyewe.

Alhaji, Pasiansi: Wanaokwenda Hija, kadi hiyo haitoshi. Saudia wanataka chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya ACWY, yaani ya aina nne za bakteria wake, angalau siku 10 kabla ya kufika. Sisi tulichoma kikundi kizima mapema, wazee wakapata muda wa kupumzika.

Mdau wa Bukoba: Mwenye kadi ya zamani ya homa ya manjano asirudie. Tangu 11 Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka 10. Yangu ni ya kabla ya hapo. Kuna mhudumu alitaka kunichoma upya, nikamwomba kwa upole amuulize mkubwa wake, akarudi akanikabidhi kadi yangu. Halafu wenzetu Waganda wanaijua homa hii muda mrefu: taasisi ya Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, ilianzishwa 1936 kwa ajili ya kuitafiti.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana jamani. Kesho asubuhi anakwenda na pasipoti yake, ili jina kwenye kadi lilingane nayo herufi kwa herufi. Aliyewahi kuchanjia watoto wadogo aendelee hapo chini, dada yetu anasafiri Desemba na mapacha.