Tupeane uzoefu: Ukipanga nyumba ya likizo Watamu, ulitembelea wapi zaidi ya ufuo?

Mwanzisha mada

Wanabaraza wenzangu, nawasalimu. Mwezi Agosti familia yetu ilipanga nyumba ndogo ya makuti kule Watamu, pwani ya Kenya, kwa siku 8, na siku 3 za kwanza hatukutoka ufuoni, ingawa kusi ilikuwa ikivuma na mwani umejaa mchangani. Siku ya 4, mama aliyekuwa akituletea samaki kutoka Timboni aliniuliza kama tumesafiri mbali kote huko kuja kutazama mchanga tu. Swali lake ndilo lililotutoa nje. Ninaomba kila aliyewahi kukaa maeneo hayo aeleze alikwenda wapi, saa ngapi, na nini kilimkaa moyoni.

Naanza na Gede, kwa sababu huko ndiko tulikokwenda mara mbili. Ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, ukastawi kwa karne kadhaa, kisha ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na leo kuta zake zimesimama katikati ya msitu huku mizizi ya miti ikiwa imezikumbatia. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wengi hupita haraka, hupiga picha kwenye jumba la mfalme na kuondoka. Sisi tulifanya hivyo mara ya kwanza na tukajuta. Mara ya pili tulifika saa 2 asubuhi, tukachukua mwongoza wageni aliyesajiliwa hapo hapo langoni, naye akatusimamisha mbele ya kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, akatuachia muda wa kulitazama kwa utulivu. Alituonyesha pia kisima kilicho kando ya msikiti mkuu, ambacho wenyeji wa mji ule walikichimba tena kwenda chini zaidi, na akaeleza kwamba wataalamu wengine wanahusisha kuhamwa kwa Gede na kupungua kwa maji visimani, ingawa vita na uvamizi navyo hutajwa. Binti yangu wa miaka 9 aliinama ukingoni akachungulia, kisha akauliza mtu wa mwisho kuteka maji pale alikuwa nani. Sikuwa na jibu, na hadi leo swali hilo hunirudia.

Katika eneo hilo hilo pana mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi hadi wajifunge ndani ya maganda yao, na maganda hayo huuzwa ng'ambo kwenye maonyesho ya vipepeo. Msipite bila kuingia.

Mchangiaji wa 2

Ahsante kwa kuanzisha mada hii, ndugu yangu. Mimi nitazungumzia Mida, hori la mikoko karibu na Watamu, na nitaanza na kosa langu ili mwingine asilirudie. Siku ya kwanza nilikubaliana na mwenye mashua mmoja atuingize kwenye hori saa 2 asubuhi, bila mimi kuuliza habari za maji. Ilikuwa wakati wa bamvua, maji yakapwa upesi, na mashua ikakaa juu ya tope kwa zaidi ya saa nzima tukiwa na mama mkwe wangu juani. Fedha hazikurudishwa.

Jioni ile mzee mmoja jirani wa nyumba tuliyopanga alinifundisha jambo ambalo lingepaswa kubandikwa mlangoni mwa kila nyumba ya wageni: huko Mida saa huwekwa na maji. Ukitaka mashua, nenda maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa. Ukitaka kutembea kwa miguu na kuona kaa, nenda yakiwa yamekupwa. Na ukitaka ndege, subiri yaanze kujaa, kwa kuwa yanapopanda huwasogeza ndege karibu na ukingo. Kati ya Oktoba na Aprili kuna makundi makubwa ya ndege wahamiaji kutoka kaskazini.

Kesho yake tulikwenda kwa kufuata maneno ya mzee. Kijana aliyetuongoza kwenye daraja la kamba na mbao, ambalo hupita katikati ya mikoko, alitufundisha kutofautisha mkoko wenye mizizi iliyosimama kama miguu, na mchu ambao mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni kama vidole. Kisha alimkabidhi mama mkwe mche wa mkoko, mrefu na mwembamba kama penseli, akaeleza kwamba mbegu ya mti huu huchipua ikiwa bado imeshikamana na mama yake, ndipo hudondoka. Mama aliuchomeka topeni kwa mkono wake mwenyewe, akakataa kunawa mpaka alipouona umesimama wima. Baadaye tulikula sambusa za kaa Dabaso, kwenye mkahawa wa mbao unaoendeshwa na kikundi cha uhifadhi cha wanakijiji.

Mchangiaji wa 3

Mimi niliipa Malindi nusu siku, na kwa mtazamo wangu inatosha. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498, inapendeza zaidi kwa mahali ilipo kuliko yenyewe. Kanisa dogo la Wareno lililo karibu lilinigusa zaidi. Kuhusu Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, kumbukeni kwamba ada hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kwa hiyo malizeni malipo nyumbani kabla ya kushuka ufuoni.

Mchangiaji wa 4

Nendeni Marafa, kaskazini mwa Malindi, lakini msifike kabla ya saa 10 jioni. Ni korongo lililochongwa na mvua na upepo, ambalo wenyeji huliita Nyari, na rangi zake nyeupe, waridi na nyekundu hukolea jua linaposhuka. Mzee wa kijiji alitusimulia habari za familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa wakati majirani wana njaa, hadi ardhi ikawameza. Alisimulia kwa sauti ya chini, akionyesha kwa fimbo mahali boma lao lilipokuwa, kana kwamba aliwajua.

Mchangiaji wa 5

Mimi ni mwenyeji wa Gede, na nimefurahi kusoma haya. Naomba kuongeza mawili. Mkipita vijijini, vaeni mavazi ya heshima na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa akina mama wakiwa kisimani. Pili, hakuna aliyeutaja msitu wenyewe wa Arabuko-Sokoke, nao una eneo la takriban kilomita za mraba 420. Ingieni alfajiri pamoja na mwongozaji, mtembee polepole bila kuzungumza. Mkisikia majani makavu yakichakurwa kando ya njia, simameni hapo hapo, maana huenda ni yule sange wetu mwenye kiuno cha manjano, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye hukimbia mara moja akisikia hatua ya pili.