Chensoo ipi ya kupasulia mbao nyumbani: 382, 372, 660 au 070?

Lupembe_Boy
Wakuu, nina shamba la misindano huku Njombe, mingi imefika inchi 12 hadi 16. Bondeni kuna mikaratusi mikongwe, mmoja unakaribia inchi 30. Nataka mbao za kujengea mwenyewe: 2x4, 2x6 za kenchi na mbao nene za fremu za milango. Dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao ya kuhamishika, haifiki bondeni, na kuvuta magogo mpaka barabarani ni gharama nyingine. Nimewaza chensoo na ile fremu ya kupasulia inayofungwa kwenye baa (upanga wa chuma unaobeba mnyororo). Madukani mmoja ananisukumia Stihl MS 382, mwingine Husqvarna 372 XP, wa tatu anasema bila Stihl 070 napoteza muda. MS 660 nayo nimeiona, bei imenitisha. Aliyewahi kupasua kwa mikono yake anisaidie, wauzaji nimeshawasikia.

Fundi_Tupa
Mkuu, anza na upana wa gogo, majina ya mashine baadaye. Ukiangusha mti, injini inabanwa kidogo halafu inapumua. Kupasua unafuata urefu wa gogo, triga ya mafuta umeibana mpaka mwisho dakika kadhaa mfululizo. Mashine ya cc 50 (cc ndiyo ukubwa wa injini) itapasua, ila utaizika mapema.

Kwa msindano wa inchi 16, cc 70 zinatosha. 382 ina cc 72.2, 372 ina 70.7, na nguvu zao zimepishana kidogo sana, farasi 5 na ushee. Hapo usiumize kichwa: ulizia kabureta, klachi na sproketi ya ipi inapatikana Njombe mjini au Makambako bila kuagiza Dar, ununue hiyo.

Mkaratusi wa inchi 30 ni habari nyingine. Fremu inakula inchi 3 hadi 4 za baa, kwa hiyo utahitaji baa ya inchi 36. Kuburuta mnyororo wa urefu huo ndani ya mkaratusi kwa cc 70 ni kuitesa mashine. Hapo ni cc 90 kwenda juu: 660 (91.6) au Husqvarna 395 XP (93.6).

Mzee_Kipasuo
Vijana mnapenda mashine nyepesi. 070 tumepasulia mininga na mivule, haikimbii lakini haikwami. Cc 105, mvuto wa trekta. Hata fundi wa baiskeli anaifungua akaifunga. Mwacheni kijana achukue 070.

Fundi_Tupa
Shikamoo mzee. Sikatai mvuto wake, ila tuseme yote. Cc 105 zile zinatoa farasi kama 6.5, wakati 660 kwa cc 91.6 inatoa 7. Bila baa inapita kilo 10, 660 ni kilo 7 na kidogo. Zile za zamani hazina breki ya mnyororo, na mtikisiko wote unaishia viganjani. Kwa mtu anayejifunza peke yake bondeni, mimi simshauri.

Halafu nyingi zinazouzwa sasa kwa jina la 070 ni nakala. Niliwahi kuletewa moja mpya kabisa, stika inang'aa, pistoni imekwaruzwa upande wa ekzosti kabla haijamaliza gogo la pili. Ukichomoa ekzosti ukamulika na tochi, mikwaruzo inaonekana wima kwenye chuma. Duka lililouza likasema oili ilikuwa kidogo.

Mzee_Kipasuo
Marahaba. Nakala hata mimi sizitetei. Nasema 070 yenyewe.

Baridi_Kali
Wote mmesahau kitu kimoja: jamaa yuko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu ya tano ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa hiyo cc 70 ya Tanga siyo cc 70 ya Njombe. Kabureta iliyosetiwa pwani huku itakula mafuta mengi na kutoa moshi, fundi airekebishe hapa hapa. Ila kwa kupasua asibane sana: ikinywa mafuta kidogo kuliko inavyotaka, inapata joto na pistoni inakwama.

Kiambogo_Meru
Huku kwetu Meru tunapasua migrevilea kwa pawasoo, yaani chensoo, bila fremu yoyote. Unapiga kamba iliyochovywa unga mweusi wa betri za zamani, laini inatokea, operator anaifuata kwa jicho. Mwenye mkono mzuri anatoa mbao safi, mwingine anakutolea 2x4 ambayo upande mmoja ni 2x3. Boss, kama hujazoea, fremu ni lazima. Kata ya kwanza funga ngazi iliyonyooka juu ya gogo, fremu iteleze juu yake. Gogo lilale kufuata mteremko, uzito wa mashine ukusaidie kushuka. Na usisahau kabari nyuma ya kata.

Dada_Mbao
Natofautiana kidogo na wote. Mnyororo wa saizi ya 3/8 unakula karibu theluthi ya inchi kila kata. Ukitoa mbao za inchi moja, kwa kila tatu umeshapoteza moja kwenye unga. Dingdong nayo inapoteza, lakini kwa misindano iliyo karibu na barabara itakumalizia kazi mapema na mgongo wako utabaki salama. Chensoo ibaki bondeni, kwa mikaratusi. Ukihesabu hivyo, 382 haina kazi tena: au 660, au umkodi mwenye nayo.

Na kabla ya kuangusha chochote, pita serikali ya kijiji na kwa afisa misitu. Mbao zikiingia barabarani bila transit pass (kibali cha kusafirisha) ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, hata kama miti ni yako, utazifuata kizuizini.

Lupembe_Boy
Dada umenifungua macho, misindano ya juu kweli trekta inafika na dingdong. Nimepata mwenye 660 anakodisha kwa siku, baa ya 36 anayo, mnyororo ni wa kawaida. Nipige hivyo hivyo?

Fundi_Tupa
Hapana. Wa kawaida umenolewa nyuzi 30 hivi, kwa kukata mti kwa kukingama. Nunua wako, piga tupa mpaka nyuzi 10, meno yote sawa. Ukiona unga laini kama wa sembe badala ya chenga, simama unoe. Petroli lita 5 weka oili nzuri ya tu-stroko mililita 100. Na oili chafu ya gari usimimine kwenye tanki la mnyororo, chembe za chuma zinaua pampu, halafu mwenye mashine atakudai wewe.

Kiambogo_Meru
Mkaratusi ukiangushwa usiulaze wiki, unapasuka kwenye ncha wenyewe. Pasua mbichi, geuza gogo mara kwa mara utoe mbao pande zote mbili, la sivyo zitapinda kama upinde. Panga kivulini na vijiti katikati, weka mawe mazito juu.

Lupembe_Boy
Poa wakuu. Mwenye fremu ya inchi 36 ya kuuza, iwe Njombe, Iringa au Mbeya, anicheki inbox.