Naomba ushauri: indiketa niwashe wapi hasa kabla ya kukata kona?

Mwanagenzi wa Tudor
Salaam ndugu zangu. Mtihani wa udereva u karibu na swali hili bado lanitatiza. Niwashe indiketa mita ngapi kabla ya kona? Na raundabauti ya Makupa, nikitaka kwenda moja kwa moja, niwashe ipi? Mke wangu naye huenda Kongowea kwa baiskeli. Aoneshe mkono wakati gani?

Mkufunzi Mvita
Hesabu sekunde, ndugu. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa gari hula karibu mita 14 kila sekunde, basi sekunde tatu ni mita 42. Tazama kioo, washa indiketa, ndipo ukanyage breki. Ukianza na breki, wa nyuma hajui wasimama au wapinda, na bodaboda ameshajitia ubavuni. Kabla ya kuzungusha usukani geuza shingo, kioo hakioni kila kitu.

Ila kona yako ikitanguliwa na mlango wa kituo cha mafuta, ngoja uupite. Ukiwasha mapema, anayetoka pale atadhani waingia kwake, atachomoka mbele yako.

Raundabauti: kushoto, washa kushoto tangu unapokaribia. Moja kwa moja, usiwashe kitu unapoingia; ukishapita njia iliyo kabla ya yako, washa kushoto utoke. Kulia, ingia na ya kulia, kisha ubadilishe kushoto vivyo hivyo. Na indiketa haikupi haki ya njia. Walio ndani, wanaotoka kuliani kwako, wapishe kwanza.

Fundi wa Umeme, Changamwe
Kabla ya mtihani zunguka gari taa zikiwaka. Kawaida ni miwako 60 hadi 120 kwa dakika. Upande mmoja ukikimbia ghafla, mara nyingi balbu imeungua. Ukikanyaga breki na indiketa ikafifia au taa nyingine ikawaka kidogo, shuku waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kupitia bodi ya gari. Chumvi ya bahari hula pale unapofungwa kwenye bodi. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Baiskeli Mombasa
Shemeji atazame nyuma kwanza, kisha anyooshe mkono wote usawa wa bega, kama sekunde tatu, halafu arudishe mikono yote miwili kwenye usukani kabla ya kupinda. Kupinda na mkono mmoja penye shimo au mchanga ni kuanguka. Breki afunge kabla ya kunyoosha mkono: baiskeli nyingi za huku breki ya mbele iko kulia, kwa hiyo akionesha kushoto amebaki na ya mbele tu, na ikishikwa kwa nguvu gurudumu la nyuma huinuka. Aikague yake, zingine zimefungwa kinyume.

Mwanagenzi wa Tudor
Ahsanteni sana. Na pikipiki je?

Mkufunzi Mvita
Sheria ni zile zile, ila nyingi indiketa yake haijizimi. Ukimaliza kona bonyeza swichi katikati. Ikibaki ikiwaka, anayesubiri kona ya mbele ataingia barabarani akiamini wapinda.